Sarafu ya Kivoi wa Kitui

Katika nyumba nyingi za mwambao, toka Lamu hadi Vanga, hapakosi bibi aliyefungia riale ya Sham katika pindo la leso, au aliyeitia ndani ya kijaluba pamoja na hati za shamba. Mimi nilirithi saba. Nilizipata kwa marehemu mama yangu, naye alizipata kwa mama yake, na kwa ajili ya hizo saba nikaingiwa na uraibu wa kukusanya sarafu za kale. Uraibu huo umenifikisha mahali pengi na kunilia fedha si haba. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu ambaye sikumjua vilivyo mpaka nilipofunga safari kwenda kuitafuta sarafu yake. Mtu huyo ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851.

Jina lake si geni. Kila aliyesoma historia ya Kenya amefundishwa kwamba Kivoi ndiye aliyempokea Dokta Krapf kule Ukambani. Lakini aghalabu hutajwa kwa sentensi moja tu, kisha habari huendelea na mgeni, na mwenyeji akaachwa nyuma barazani kwake. Mimi pia nilikuwa nikimjua hivyo hivyo.

Basi siku moja mtu tunayejuana kwa biashara ya vitu vya kale alinipasha habari kwamba kuna mzee huko Kitui mwenye riale iliyotoka katika mali ya Kivoi. Ilikuwa na mwaka 1780, na mzee alitaka kuiuza. Moyo ulinidunda. Inasemekana Kivoi mwenyewe alizaliwa katika miaka hiyo ya 1780, na nikaona kama kwamba sarafu na mtu walikuwa ndugu wa umri mmoja. Nyumbani nilikuwa na akiba niliyoiweka kwa muda mrefu ili kuezeka upya nyumba ya urithi, ambayo masika hayakuwa yakituhurumia ndani yake. Niliitoa akiba yote. Niliamini kwamba sarafu yenye kisa kama hicho, nikikaa nayo miaka kumi, itanirudishia fedha yangu maradufu. Mke wangu alinitazama tu, asiseme neno.

Njia ya misafara

Nilishuka Kibwezi, katika wilaya iliyokuwa sehemu ya Machakos na ambayo tangu mwaka 1992 inaitwa Makueni. Nchi hiyo ya Kibwezi jina lake la zamani ni Kikumbulyu, na misafara ya Wakamba iliyokuwa ikiteremka pwani ilipita hapo kabla ya kuingia nyika kavu ya Taita. Dukani nilioneshwa mfuko mzima wa senti kumi za tundu, zile tulizokuwa tukizitunga kwenye uzi utotoni. Kutoka hapo nikashika barabara ya Ikutha na Mutomo, nikavuka mto Athi, nikauona uwanda mrefu wa Yatta umelala kama ukuta. Kwa gari ni safari ya saa chache. Wakati wa Kivoi ilikuwa ni siku nyingi za miguu, kiu, simba na maadui, huku pembe za ndovu zikiwa begani.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Kivoi kama mtu. Wakamba hawakuwa na mfalme. Mtu hakuzaliwa mkubwa kwao, bali alijipatia ukubwa kwa mali, kwa ukarimu, kwa ushujaa na kwa kujua kusema mbele ya wazee. Kivoi aliyakusanya yote manne. Pamoja na hayo alihesabiwa kuwa ni mganga mwenye nguvu, hata watu wakaamini kwamba mvua humsikiliza. Sisi Waislamu tunajua kwamba mvua iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake, lakini kwa watu wa nchi ile na wakati ule sifa hiyo ilikuwa ni ulinzi mkubwa kuliko ngome.

Biashara yake ilikuwa ni pembe. Wakamba walikuwa wawindaji hodari wenye mishale ya sumu, na pale ndovu walipopungua kwao, walikwenda kununua pembe kwa Wakikuyu, Waembu na majirani wa mto Tana. Misafara yao ilikuwa ya watu 200 hadi 300. Walishuka na pembe, vipusa na mifugo mpaka Rabai na Mombasa, wakapanda na nguo za merikani, shanga, chumvi na nyaya za masango. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwafanya Wakamba wengine kuhamia karibu na Rabai, na jamaa hao wakawa daraja la ndugu zao wa bara.

Mombasa ya siku hizo ilikuwa chini ya Sayyid Said bin Sultan, aliyeitwaa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837. Wazee wetu walikaa barazani na mizani zao, wakapima pembe kwa frasila na kuhesabu bei kwa riale. Lakini nani kati yao aliijua njia ya Kitui? Kabla ya miaka ya 1860, ambapo misafara ya Waarabu na Waswahili ilianza kuingia bara ile kwa wingi, biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Wakamba, na Kivoi alikuwa miongoni mwa vigogo wake. Sisi tulikuwa na fedha, wao walikuwa na njia. Na mimi naona kwamba mali hasa ya Kivoi haikuwa pembe wala ng'ombe. Mali yake ilikuwa ni kuaminika. Mtu asiyeaminika hawezi kupita katika nchi za watu watano sita tofauti akiwa na mzigo ambao kila mmoja anautamani, kisha akarudi tena mwaka wa pili.

Mgeni kutoka Rabai

Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisheni cha Uingereza. Alifika Unguja mwaka 1844, akapewa na Sayyid Said barua ya ruhusa, akaja kukaa Mombasa. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wake mchanga walikufa. Baadaye alihamia Rabai pamoja na mwenzake Rebmann, ambaye mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro. Hatukubaliani naye katika dini aliyoileta, lakini haki isemwe kwamba alijifunza Kiswahili kwa bidii, na kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Tarehe 1 Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani, na mwisho wa mwezi alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi. Kivoi alimlaki vizuri. Alikuwa mtu wa dunia, aliyejua kwamba mgeni ni baraka na pia ni mlango wa biashara. Akamweleza habari za mlima mrefu ulioko upande wa kaskazini magharibi, wenye kilele cheupe, ambao yeye alikwisha kuuona katika safari zake. Tarehe 3 Desemba mawingu yalipofunguka, Krapf akauona kwa macho yake kutoka mahali pa juu karibu na kwa Kivoi.

Jina la mlima huo katika matamshi ya Kikamba ni Kiinyaa. Wengi husema kwamba maana yake ni mlima wa mbuni, kwa kuwa majabali meusi na theluji nyeupe hufanana na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Krapf aliandika kama alivyosikia kinywani mwa Wakamba, na katika kitabu chake likawa Kenia na Kegnia. Ulaya baadhi ya wataalamu walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Ilipofika mwaka 1883, Joseph Thomson akafika karibu na mlima, na kicheko kikaisha. Lakini Wakamba hawakuhitaji kungoja miaka 34 ili wamwamini Kivoi.

Mwisho wa Kivoi

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, akitaka kujenga kituo huko Yatta. Mambo hayakumwendea vizuri, naye akaenda tena kwa Kivoi. Mwezi wa Agosti wakafuatana kwenda upande wa mto Tana, Kivoi kwa shughuli zake na Krapf kwa kutaka kuujua mto. Walipokaribia mto walishambuliwa na wanyang'anyi. Watu wa msafara wakatawanyika. Kivoi akauawa hapo, pamoja na baadhi ya waliokuwa naye.

Krapf aliokoka akabaki peke yake porini. Aliufikia mto, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Baada ya kutangatanga akafika kwa Wakamba, lakini jamaa za Kivoi walikuwa na uchungu. Walimlaumu kwa kuwa mwenyeji wake amekufa na yeye yu hai. Akaona roho yake imo hatarini, akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingi akarudi Rabai mwaka huo huo.

Mimi siwalaumu wale jamaa. Msafara uliondoka na mkubwa wao, ukarudi mgeni. Kivoi hakuacha maandishi yoyote. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka katika kitabu cha Krapf, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, pamoja na masimulizi ya wazee wa Ukambani. Mtu aliyekuwa na mali ya nchi nzima, habari zake zimehifadhiwa na mgeni aliyekaa naye siku chache.

Riale ya mzee

Nilimkuta mzee nje kidogo ya mji wa Kitui. Tuliamkiana, nikapewa kiti na chai, tukazungumza mvua na mifugo kama ipasavyo, kisha akaleta kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa riale. Niliipima kwa mizani yangu ndogo, ikatimia gramu 28. Niliusoma ukingo wake, nao ulikuwa na maandishi yake ya Kilatini kamili. Haikuwa bandia. Lakini hapa lazima nieleze jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Malkia Maria Theresa wa Austria, ambaye sura yake imo katika riale ya Sham, alikufa mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Habash walikuwa wamekwisha kuizoea sarafu yake na hawakutaka nyingine. Basi serikali ikaendelea kuifua kwa sura ile ile na mwaka ule ule, na katika karne ya 20 haikufuliwa Vienna tu, bali hata Rome, Paris, Brussels, London, Birmingham na Bombay. Kwa hiyo 1780 iliyoandikwa juu yake si tarehe ya kuzaliwa kwa sarafu. Wajuzi hutambua mahali ilikofuliwa kwa mambo madogo, kama bizimu la begani kwa malkia na manyoya ya mkia wa tai.

Nilitoa kioo na karatasi zangu za picha, nikalinganisha mara tatu. Alama zote zilielekea Bombay, na Bombay zilifuliwa mwaka 1940 na 1941. Kivoi alikuwa na miaka 90 kaburini. Tena nikakumbuka jambo ambalo tamaa ilikuwa imenisahaulisha, kwamba misafara ya Wakamba ilirudi bara na nguo, shanga na masango. Riale zilibaki huku kwetu pwani.

Kitu cha pili mzee alikiweka kando, akaniambia kwamba nikinunua riale atanipa hicho kiwe nyongeza, kwani hakina hata sura ya mfalme na watoto wamekichezea sana. Nikakigeuza. Kilikuwa rupia ya fedha ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, yenye jua lililovikwa taji, mizani, jina la Mombasa na mwaka 1888. Wasomaji wenye uraibu huu wanajua nilivyohisi. Rupia hiyo wakusanyaji huitafuta, na thamani yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya riale ya Bombay.

Nikiri mbele yenu kwamba nilinyamaza kwa muda. Ningeweza kusema kwamba riale ni ya kawaida, nikaomba nipunguziwe, nikaondoka na rupia bure. Paa langu lingeezekwa na akiba ikabaki. Mzee asingejua maisha yake yote. Lakini ile mizani iliyochorwa kwenye rupia ilikuwa ikinitazama, na Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wenye kupunja katika vipimo. Nikamweleza yote mawili, la riale na la rupia.

Mzee alikaa kimya. Nikaona aibu kumvunja moyo, nikamwuliza kama katika ukoo wao kulikuwa na mtu aliyekwenda vitani. Akasema baba yake alikuwa askari wa KAR na alipigana Habash mwaka 1941. Basi nikamwambia kwamba zile riale za Bombay zilifuliwa kwa ajili ya vita hivyo hivyo, kwa kuwa watu wa Habash walipokea riale hiyo kuliko fedha nyingine. Wallahu aalam, sikuwa na ushahidi mwingine, lakini ilielekea kwamba sarafu ile haikutoka kwa Kivoi, bali ilitoka kwenye mfuko wa askari aliyerudi salama kwa watoto wake. Mzee aliichukua, akaigeuza kama mtu anayeiona mara ya kwanza, akaifunga tena katika kitambaa. Hakuiuza. Rupia nayo akaitia humo humo. Nilirudi na akiba yangu nzima.

Kwa wenye kuweka

Nimejifunza mambo machache katika safari hiyo, na huenda yakawafaa wenzangu. Kwanza, ukale si uadimu. Senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme ambaye hakutimiza mwaka, zilifuliwa nyingi mno na hazina bei kubwa. Florini ya mwaka 1920 iliishi muda mfupi kabla ya kuja shilingi, nyingi zikayeyushwa, na leo ni ghali. Pili, usiisugue sarafu kwa ndimu wala jivu, wala usiitoboe. Ukiing'arisha umeifuta thamani. Tatu, andika ilikotoka siku ile ile unapoipata. Nne, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa ni turathi, hakitolewi nje pasipo kibali.

Na sisi Waislamu tunayo la tano. Fedha iliyolala ndani ina haki ya maskini. Nisabu yake ni dirhamu 200, ambazo wengi hukadiria kuwa gramu 595. Riale moja ya Sham ina gramu 23 na kidogo za fedha safi, basi mwenye riale 26 amefika nisabu, na zikimaliza mwaka awaulize masheikh wake juu ya zaka.

Jioni ile pale Kitui, kabla ya kupanda gari, nilikunywa chai kwenye kibanda cha stendi. Nikalipa, nikarudishiwa sarafu ya shilingi 20 ya toleo la mwaka 2018. Nilitaka kuitia mfukoni kama kawaida, mkono ukasita. Upande mmoja ana ndovu, mnyama aliyempa Kivoi utajiri wake. Upande wa pili imo ngao ya taifa, na chini ya miguu ya simba wale wawili umo mlima. Na pembezoni limeandikwa jina la nchi, lile lile lililotoka vinywani mwa Wakamba kumfikia mgeni mwaka 1849, na ambalo halijakosekana katika sarafu zetu tangu zile za kwanza za mwaka 1966.

Nimeiweka katika kijaluba cha mama, pamoja na zile riale saba. Thamani yake sokoni ni shilingi 20. Nyumba imekwisha kuezekwa.